Kijivu Kipi? Kuchagua Kati ya Picha ya Rangi na Picha Nyeusi-Nyeupe

Siku moja nilipiga picha ya ua jekundu lililochanua peke yake kichakani. Kwenye kioo cha kamera lilikuwa likiwaka kama kaa la moto. Jioni nikakaa kwenye kompyuta, nikaona niipe picha usanii kidogo, nikabonyeza kitufe cha kuondoa rangi. Ua likapotea. Ningeelewa kama lingefifia, lakini lilimezwa na majani kabisa, nikabaki nakodolea macho kichaka cha kijivu ambacho hakuna mtu angesimama kukipiga picha.

Hesabu iliyolimeza si ngumu. Kila nukta ya picha ya kidijitali ina namba tatu: nyekundu, kijani na buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Njia moja ya kawaida ya kupata kijivu ni kuchukua asilimia 29.9 ya nyekundu, 58.7 ya kijani na 11.4 ya buluu, kisha kujumlisha. Kijani kinapewa uzito mkubwa kwa sababu jicho la binadamu hukiona kuwa angavu kuliko wenzake. Sasa chukua wekundu wa ua wenye 200, namba nyingine zikiwa sifuri: unapata 59.8. Chukua jani lililo kivulini, lenye kijani 102 tu: unapata 59.9. Ukikadiria, vyote viwili ni 60. Macho yangu yaliona vitu viwili vinavyogombana, hesabu ikaona kitu kimoja.

Na hata hesabu yenyewe si moja. Uzito huo umerithiwa kutoka televisheni za rangi za zamani. Televisheni za kisasa za ubora wa juu zina wake: asilimia 21.26, 71.52 na 7.22. Kwa mizani hiyo ua langu linapata 43 na jani 73, kwa hiyo ua linaonekana tena, ila sasa ni doa la giza. Ua lilelile, mwanga uleule, mizani tofauti. Anayesema "niliondoa rangi tu" ameshachaguliwa kijivu na mhandisi wasiyejuana.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ubishi wa rangi na nyeusi-nyeupe huwa unaendeshwa kwa maneno ya hisia. Nyeusi-nyeupe ina uzito, rangi ina uhai, basi. Maneno hayo hayamsaidii mtu aliyeshika kamera. Linalosaidia ni swali la kikazi: kwenye picha hii, rangi inafanya kazi gani? Kwenye ua langu ilikuwa inafanya kazi yote. Nilipoiondoa nilimfukuza mfanyakazi pekee niliyekuwa naye.

Kamera huanza bila rangi

Wapo wanaoamini kwamba picha ya rangi ndiyo ya asili na hiyo nyingine ni picha iliyopunguzwa. Kamera yenyewe haiko upande wao. Kihisi, kile kibamba kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi, hakioni rangi hata moja. Kila kijitundu chake hupima kiasi cha mwanga na kuishia hapo. Rangi hupatikana kwa ujanja. Juu ya vijitundu hutandazwa vichujio vidogo mno, nusu yake kijani, robo nyekundu, robo buluu, kwa mpangilio wa Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, uliopata hataza mwaka 1976. Kila kijitundu hupima rangi moja, halafu kompyuta iliyo ndani ya kamera hukisia mbili zilizobaki kwa kuwauliza majirani. Maana yake theluthi mbili ya namba za rangi kwenye picha yako ni makisio. Ni makisio mazuri sana, sikatai. Lakini ndiyo maana mwaka 2012 kampuni ya kamera ya Leica ilitoa kamera isiyo na vichujio hivyo, M Monochrom, inayopiga nyeusi-nyeupe peke yake: hakuna kinachozuia mwanga njiani na hakuna cha kukisia, hivyo picha inakuwa kali zaidi na inastahimili giza vizuri zaidi.

Jicho nalo lina tabia hiyo. Seli zinazotuonyesha rangi zinahitaji mwanga wa kutosha. Ukipungua, zinawaachia kazi seli nyingine zenye uwezo wa kuona mwanga hafifu lakini zisizojua rangi. Kila aliyewahi kutembea usiku wa mbalamwezi ameshaiona dunia nyeusi-nyeupe.

Ukirudi nyuma kwenye historia, mambo yanachekesha zaidi. Mabamba ya wapigapicha wa karne ya 19, yaani vibao vilivyopakwa dawa ya kunasa picha, kwa muda mrefu yalikuwa yanaona mwanga wa buluu na wa zambarau tu. Nyekundu kwao ilikuwa giza. Ndiyo maana picha nyingi za zama hizo zina anga jeupe tupu: mawingu yalikuwepo, ila buluu ya anga ililichoma bamba hadi mawingu na anga vikawa kitu kimoja. Mwaka 1873 Hermann Vogel, Mjerumani, aligundua kwamba ukitia rangi fulani kwenye dawa ya bamba, linaanza kuona na kijani. Filamu zinazoona rangi zote, nyekundu ikiwemo, zilikuja kuenea karne ya 20. Mtu yuleyule angepigwa kwa bamba la zamani na kwa filamu mpya angetoka na midomo tofauti, madoa tofauti ya uso, hata umri tofauti. Hakuna kijivu cha asili na hakijawahi kuwepo.

Wapigapicha walipolielewa hilo, wakaanza kukichagua kijivu wenyewe. Kanuni ni nyepesi: kichujio mbele ya lenzi hung'arisha vitu vya rangi yake na kutia giza vitu vya rangi iliyo kinyume chake. Aprili 1927 Ansel Adams alipanda milima ya Yosemite, Marekani, kupiga jabali linaloitwa Half Dome. Alipiga bamba moja kwa kichujio cha njano, kisha akatambua kwamba anga litatoka la kawaida, halitakuwa na ile haiba nzito aliyoihisi akiwa amesimama pale. Alikuwa amebakiwa na bamba moja. Akaweka kichujio chekundu kilichokolea. Buluu ya anga ikazuiwa, anga likatoka karibu jeusi, na jabali likasimama mbele yake kama limechongwa usiku. Siku hiyo jua lilikuwa linawaka kama kawaida.

Leo kazi ya vichujio inafanywa na programu ya kuhariri. Ukigeuza picha kuwa nyeusi-nyeupe kwa njia ya kistaarabu, programu haikupi kitufe kimoja. Inakupa mistari kadhaa ya kusogeza, mmoja kwa kila rangi. Nilirudi kwenye ua langu nikasogeza mstari wa nyekundu juu. Ua likawa jeupe, laini, kama la msibani. Nikausogeza chini, likawa jeusi kama limeungua. Nikakaa nusu saa nzima nikicheza hivyo, na katika nusu saa hiyo nilijifunza zaidi kuliko katika mwaka mzima wa kubonyeza vitufe. Tahadhari moja: ukiuvuta mstari wa buluu chini kupita kiasi ili upate anga la Adams, utaanza kuona chembechembe chafu angani na michirizi myeupe kwenye kingo za majengo. Picha inakuwa inalalamika.

Ngozi ya mtu

Hapa mistari hiyo inaacha kuwa mchezo. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi tititi au nyeupe, ina nyekundu na rangi ya chungwa nyingi ndani yake. Ukipandisha rangi hizo, uso unang'aa, madoa na chunusi vinapotea. Ukizishusha, kila kitundu na kila mkunjo unajitokeza na ngozi inakolea. Kwa mzee mwenye uso uliochongwa na jua, kushusha kidogo kunaleta maajabu. Kwa bibi harusi, jaribu uone atakavyokuangalia.

Tatizo ni mitindo iliyopangwa tayari, ile ya bonyeza mara moja. Mingi humng'arisha mtu bila kumuuliza, na mtu mwenye ngozi nyeusi anatoka akiwa si yeye. Filamu za rangi nazo zilikuwa na lawama yake: kwa miaka mingi maabara zilipimia rangi zake kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, na watu weusi waliopigwa pamoja na weupe kwenye picha moja walitoka macho na meno tu. Mimi msimamo wangu ni huu: uso ukitoka na giza, kwanza jiulize kama uliupa mwanga. Mara nyingi haukupewa. Dirisha moja ubavuni linafanya ambalo mstari wa kusogeza hautaliweza.

Rangi inapokuwa ndiyo habari

Mwaka 1956 jarida la Life lilimtuma Gordon Parks kusini mwa Marekani kupiga maisha ya familia za watu weusi chini ya sheria za ubaguzi. Parks alikwenda na filamu za rangi. Katika picha mojawapo, iliyopigwa Mobile, Alabama, mwanamke amesimama nje ya duka na binti mdogo. Mwanamke kavaa gauni la buluu mpauko, kamba ya shimizi imemtelemka begani. Mtoto kavaa nguo nyeupe ya kutokea. Juu yao kuna maandishi ya taa nyekundu za neoni yanayowaelekeza "watu wa rangi", jina walilopewa watu weusi, waingilie mlango huo.

Ondoa rangi kichwani mwako. Unabaki na picha nzuri bado, lakini inarudi nyuma, inaungana na maelfu ya picha za kumbukumbu, inakuwa mambo ya kale. Ukiirudisha, ile buluu ya gauni ni ya nguo ambayo mtu ameipiga pasi asubuhi, na nyekundu ya neoni ni ya duka linalotaka uingie ununue. Wekundu uleule unaokaribisha ndio unaobagua. Kijivu kisingeweza kulisema hilo.

Sasa mchukue Parks huyohuyo mwaka 1942, Washington, kwa filamu nyeusi-nyeupe. Mfanyakazi wa usafi, mwanamke mweusi, amesimama wima na ufagio mkononi, bendera kubwa ya Marekani ikining'inia ukutani nyuma yake. Bendera hiyo ingekuwa na rangi zake, jicho lingekimbilia kwenye nyekundu na lingechelewa kurudi. Kwenye kijivu, mistari ya bendera imenyamaza, na kitu cha kwanza unachokutana nacho ni uso wa mama yule, na miwani yake. Mpigapicha mmoja, hasira moja, majibu mawili.

Nyekundu ndiyo mkorofi mkuu katika habari hii. Jicho huiendea hata ikiwa kona, hata ikiwa ndoo ya plastiki iliyosahauliwa nyuma ya mtu unayempiga. Picha nyingi za rangi zinazochosha hazikosi rangi. Zina rangi sita zisizosalimiana. Ndiyo maana nadhani picha nzuri ya rangi ni ngumu kuliko nyeusi-nyeupe, ingawa wengi wanafikiri kinyume. Kwenye nyeusi-nyeupe una mwanga na umbo vya kupanga. Kwenye rangi una hivyo vyote, halafu una na ndoo.

Sifa ya "usanii" ilikotoka

Kuna jambo ambalo ni vizuri lisemwe waziwazi: heshima ya nyeusi-nyeupe kwa sehemu kubwa ni historia ya gharama na uchapishaji. Rangi ilikuwepo mapema. Ndugu Lumière wa Ufaransa walianza kuuza mabamba yao ya rangi mwaka 1907, yaliyotengenezwa kwa chembe za wanga wa viazi zilizotiwa rangi. Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak, ilitoka mwaka 1935. Lakini kuchapisha rangi kulikuwa ghali, picha zake nyingi zilipauka haraka, na waliomudu gharama walikuwa watangazaji wa biashara. Basi rangi ikanuka tangazo, na nyeusi-nyeupe ikabaki na magazeti, majumba ya sanaa na watu waliojiona makini. Walker Evans, mmoja wa vigogo wa picha za Marekani, alisema hadharani kwamba picha za rangi ni ushamba. Mwaka 1973, mzee na afya imedorora, akapata kamera ya Polaroid SX-70 na kuanza kupiga rangi kwa furaha ya mtoto.

Miaka mitatu baadaye jumba la Museum of Modern Art la New York liliweka maonyesho ya picha za rangi za William Eggleston, na wahakiki wakamshukia. Mojawapo ya picha zake maarufu ni dari: dari jekundu lililokolea, balbu moja katikati, nyaya nyeupe zimetambaa juu yake. Geuza dari hilo kuwa kijivu na umebaki na kazi ya fundi umeme. Gazeti la New York Times lenyewe liliweka picha ya rangi kwenye ukurasa wa kwanza kwa mara ya kwanza Oktoba 1997.

Nayasema haya kwa sababu bado tunasoma nyeusi-nyeupe kwa macho ya historia hiyo. Tunaiona tukifikiri kale, msiba, ukweli. Ni mazoea tuliyojifunza, na mpigapicha mvivu anaweza kuyatumia kukopa uzito ambao picha yake haina: kiti cha kawaida kwenye chumba cha kawaida, ondoa rangi, sasa ni "upweke". Tofautisha na mpigapicha Sebastião Salgado mwaka 1986 kwenye mgodi wa dhahabu wa Serra Pelada, Brazili. Makumi ya maelfu ya wanaume wanapanda na kushuka ngazi za miti wakiwa na magunia mgongoni, wamepakwa tope kutoka utosini hadi kisiginoni. Tope lilikuwa limeshawapaka wote rangi moja kabla Salgado hajanyanyua kamera. Kilichobaki cha kuona ni misuli, mistari ya ngazi, wingi wa watu. Hapo kijivu hakikukopa chochote.

Machela ya wagonjwa

Nikiri na dhambi yangu. Niliwahi kupiga harusi kwenye ukumbi uliokuwa na taa za kila aina: balbu za njano juu, mirija yenye ukijani ukutani, taa za kuzunguka za zambarau na buluu kutoka kwa wapiga muziki. Bwana harusi alitoka nusu ya uso rangi ya karoti, nusu rangi ya wino. Balbu za njano zina joto la rangi (kipimo cha unjano au ubuluu wa mwanga) la takriban kelvini 3,000 na mwanga wa mchana takriban 5,500; kamera inaweza kurekebisha mojawapo, haiwezi kurekebisha zote kwa pamoja kwenye shavu moja. Nikageuza picha thelathini kuwa nyeusi-nyeupe, nikamwambia mteja eti ndiyo mtindo. Alizipenda kuliko nyingine zote.

Kwa hiyo siwezi kuidharau kazi hiyo ya uokoaji. Picha iliyopigwa gizani ina madoadoa mekundu na ya kijani. Ukiondoa rangi yanageuka chembechembe zinazofanana na za filamu, na watu wanazivumilia. Ila ujue unachookoa. Nyeusi-nyeupe inaokoa picha yenye ugonjwa wa rangi. Picha yenye ugonjwa wa mpangilio, mtu kakatwa magoti, mti umemchomoza kichwani, inabaki na ugonjwa wake.

Ama ule mtindo wa kuacha kitu kimoja na rangi yake, waridi jekundu kwenye dunia ya kijivu, mimi sina la kusema zaidi ya kwamba nilishaufanya na nimeshatubu.

Kabla ya kubonyeza

Ushauri wa "piga kwanza, utaamua baadaye" ni sahihi kwa faili na ni mbaya kwa jicho. Kwa faili, weka kamera ihifadhi data ghafi, yaani RAW, kisha uweke mtindo wa kioo kuwa nyeusi-nyeupe. Utaona kijivu kiooni, huku rangi zote zikibaki ndani ya faili. Ukihifadhi JPEG pekee katika hali hiyo, rangi imekwenda na hairudi, na simu nazo hazifanani. Jaribu yako kwa picha isiyo na maana kabla ya siku yenye maana.

Kwa jicho, ni heri uamue ukiwa palepale, kwa sababu mwanga unaotafutwa si mmoja. Jua la utosini huzipausha rangi na kuwatia watu vivuli chini ya macho, lakini vivuli hivyohivyo ukutani au kwenye ngazi ni chakula cha nyeusi-nyeupe. Siku ya mawingu mepesi huifanya rangi ing'ae bila kelele, na huo mwanga mtulivu ukiugeuza kijivu mara nyingi unapata uji. Mwanga wa ubavuni, wa asubuhi au jioni, unazifaa picha za aina zote mbili, na ndipo inapobidi uchague kweli.

Njia ninayotumia ni ya kizamani: nakunja macho mpaka karibu nifumbe. Rangi zinafifia, vyenye mwanga na vyenye giza vinabaki. Nikiendelea kuona picha, naiwazia nyeusi-nyeupe. Ikiyeyuka, najua rangi ndiyo ilikuwa imeishika.

Lile ua nililirudishia wekundu wake na likakaa hivyo. Wiki mbili baadaye nilipita tena pale kichakani. Lilikuwa limenyauka, wekundu umegeuka hudhurungi ya karatasi kuukuu, petali zimejikunja ndani zikaacha mishipa nje kama ya mkono wa mzee, na jua la jioni lilikuwa linazigonga kwa ubavu. Nikakunja macho. Likabaki palepale. Nikapiga.